Upanga wa Kwanza wa Kiviking kwa Bei Nafuu: Mwongozo Kamili wa Kuuchagua, Kuupima na Kuushika

Upanga wa Kiviking uliotengenezwa kwa kufuata kwa karibu ule wa makumbusho utakugharimu zaidi ya dola 1,000, na mara nyingi utausubiri kwa miezi. Anayeanza hana haja ya kwenda huko. Kwa dola 150 hadi 350 zipo nakala kutoka viwanda vya India na China zinazokata vizuri, zinazotulia mkononi na zinazodumu. Tatizo ni kwamba kwa bei hiyohiyo, pengine katika duka lilelile, kuna vyuma vizito visivyo na cha upanga ila umbo. Kwenye picha vyote vinang'aa sawasawa.

Nimeshika za namna zote mbili, na upanga ninaofanyia mazoezi mpaka leo ni wa bei hiyo ya chini. Ninachotaka ukijue kabla hujatoa pesa ni hiki: usiulize tu upanga una kilo ngapi, uliza kilo hizo zimekaa wapi. Karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye swali hilo.

Kwanza tukubaliane majina. Bapa ni chuma chote kinachokata, kuanzia mpinini hadi nchani. Mfereji ni lile bonde pana linaloteremka katikati ya bapa. Kikingio ni chuma kilicholala kukingama kati ya bapa na mkono, na upanga wa Kiviking una viwili: cha chini kinachogusana na bapa, na cha juu kinachobeba kichwa cha mpini. Msuka ni ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini.

Hatua ya 1: Ujue upanga wa asili ulikuwaje

Zama za Waviking huhesabiwa tangu shambulio la monasteri ya Lindisfarne mwaka 793 hadi vita vya Stamford Bridge mwaka 1066. Upanga wa karne hizo ni wa mkono mmoja na una makali pande zote mbili. Mkono wa pili ulishika ngao. Katika merikebu ya Gokstad, iliyofukuliwa Norwei mwaka 1880, zilikutwa ngao 64 za mbao, kila moja na kipenyo cha kama sentimita 94. Ngao kubwa hivyo inafunika kutoka kidevuni hadi karibu na magoti, na ndiyo sababu kikingio cha upanga huu ni kifupi: kazi kubwa ya kumkinga mtu ilikuwa ya ngao.

Panga nyingi zilizofukuliwa zina urefu wa jumla wa sentimita 85 hadi 100. Bapa lina sentimita 70 hadi 80 na kidogo, na upana wa sentimita 5 hadi 6 karibu na kikingio. Uzito ni kama kilo 1 hadi 1.3, na zipo zilizo nyepesi zaidi. Sehemu ya kushika ni fupi kuliko mtu anavyotarajia, sentimita 8.5 hadi 10 tu. Andika tarakimu hizi mahali, maana ndizo utakazolinganisha na kila tangazo la dukani.

Shahidi mzuri wa mabapa hayo aliandika kwa Kiarabu. Ahmad ibn Fadlan aliondoka Baghdad mwaka 921 katika ujumbe wa khalifa kwenda kwa Wabulgari wa mto Volga. Huko aliwakuta wafanyabiashara wa Rus, watu wenye asili ya Skandinavia, akaandika kwamba panga zao ni pana, zina mifereji, na ni za Kifaranki. Aliona sawasawa. Mabapa bora yalitoka kwa Wafaranki, waliotawala nchi ambazo leo ni Ufaransa na Ujerumani, na yalitakiwa mno hata mwaka 864 mfalme wao Charles the Bald akatoa amri huko Pîtres iliyoweka adhabu ya kifo kwa atakayewauzia Waviking silaha. Zaidi ya mabapa 100 yenye maandishi +VLFBERH+T (jina Ulfberht, la mhunzi au karakana) yamepatikana, mengi yakiwa Skandinavia na pwani za Baltiki. Wahunzi wa wakati huo waliyapachika maandishi hayo kwa vipande vya chuma vilivyogongwa ndani ya bapa likiwa la moto. Kwenye nakala ya bei nafuu jina hilo limechorwa kwa asidi au mashine. Usilipe zaidi kwa ajili yake.

Mipini nayo ilibadilika sana, na wauzaji huitaja kwa herufi ambazo Mnorwei Jan Petersen alizipanga mwaka 1919. Aina H, yenye kichwa cha pembetatu, ndiyo iliyopatikana kwa wingi zaidi nchini Norwei. Aina X, ya baadaye, ina kichwa cha nusu duara. Kwa anayeanza napendekeza mojawapo ya hizo mbili. Mipini yenye vichwa vya nundu tatu au tano na mapambo ya fedha hupendeza macho, lakini kwenye nakala za bei ndogo nundu hizo huja na kona zinazochuna kifundo cha mkono.

Hatua ya 2: Amua unautakia nini

Zipo kazi tatu, na hakuna upanga mmoja unaozifanya zote.

Kama ni wa kutundika ukutani, nunua unaokupendeza, uutundike na uuache hapo. Mingi imetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho kwa urefu wa upanga huwa rahisi kukatika, na msuka wake mara nyingi ni kijiti chembamba kilichochomelewa. Upanga wa namna hiyo ukipungwa hewani bapa laweza kuchomoka likaenda zake, na mwenye kuumia si lazima awe wewe. Usiupunge hata mara moja.

Kama ni wa kukata, unatafuta feleji iliyopashwa moto na kupozwa inavyotakiwa, yenye makali ya kweli. Mwongozo huu unahusu zaidi upanga wa namna hii.

Kama unataka kuingia katika makundi yanayoigiza maisha na vita vya zama hizo, utahitaji upanga butu: kingo zenye unene wa milimita 2 au zaidi, na ncha ya mviringo. Uingereza kuna kundi la The Vikings, lililoanzishwa mwaka 1971. Denmark kuna mkusanyiko wa kila mwaka wa Moesgård, karibu na Aarhus, uliopo tangu 1977. Polandi kuna ule wa Wolin. Kila kundi lina kanuni zake za unene, ncha na uzito, kwa hiyo waulize kabla ya kununua. Upanga mkali haugonganishwi na upanga mwingine kamwe, hata polepole, hata kwa picha.

Hatua ya 3: Soma tangazo kwa jicho kali

Tangazo zuri linakupa mambo matano: aina ya chuma, ugumu wake, uzito, mahali upanga unaposawazika, na jinsi msuka ulivyofungwa. Likikosa mawili kati ya hayo, mwandikie muuzaji.

Kwenye chuma, tafuta namba kama 1060, 1075, 5160, 65Mn au EN45. Katika namba za tarakimu nne, mbili za mwisho zinaonyesha kiasi cha kaboni: 1060 ina kama asilimia 0.60, na hiyo inatosha kabisa. Usidhani 1095 ni bora kwa sababu namba ni kubwa. Kaboni ikizidi, ugumu unaongezeka na uvumilivu unapungua, na upanga mrefu unahitaji uvumilivu kuliko ugumu. Ugumu wa 48 hadi 54 kwa kipimo cha Rockwell (HRC) unafaa.

Bapa lenye michoro ya mawimbi, linalotangazwa kama la Dameski, liache kwa sasa. Mabapa ya asili yenye michoro yalifuliwa kwa kusokota na kuunganisha fito za chuma za aina mbalimbali, ufundi ambao ulififia polepole kufikia karne ya 10. Kiwanda kinachouza kwa dola 250 kikitia kazi hiyo, kuna mahali pengine kimebana matumizi, na mara nyingi ni kwenye umbo la bapa.

Msuka uwe mpana, uwe kitu kimoja na bapa, na ncha yake iwe imegongwa ikapanuka juu ya mpini kama ribiti. Nati pia hufanya kazi, ila inalegea na kukudai uikaze. Maelezo kama "msuka kamili" peke yake hayakuambii lolote. Omba picha.

Mahali pa kusawazika ndipo wauzaji wanapokwepa. Uliza hivi: upanga ukilazwa juu ya kidole ukatulia, kidole kiko sentimita ngapi kutoka kwenye kikingio? Akijibu namba, endelea naye. Akijibu kwamba upanga "umesawazishwa vizuri sana" bila namba, tafuta mwingine.

Viwanda utakavyokutana navyo sana katika bei hii ni Hanwei ya Dalian, China, pamoja na Windlass ya Dehradun na Deepeeka ya Meerut, zote za India. Mji wa Longquan, China, nao una karakana nyingi. Jina la kiwanda lisikutoshe, kwani kila modeli ina umbo lake. Linganisha vipimo vya upanga wenyewe.

Hatua ya 4: Sheria na usafirishaji

Uingereza ilipiga marufuku mwaka 2008 panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi, isipokuwa kwa masharti maalumu. Upanga wa Kiviking umenyooka, kwa hiyo haumo, ila mnunuzi lazima awe na miaka 18 na kuubeba hadharani bila sababu halali ni kosa. Ujerumani nako ni miaka 18, na njiani upanga hukaa kwenye chombo kilichofungwa. Aliyeko Afrika Mashariki aulize forodha kwa maandishi kabla ya kulipa, TRA au KRA, na aiulize pia kampuni ya usafirishaji, kwa sababu zipo zinazokataa silaha zenye makali hata pale ambapo nchi inaruhusu. Ndani ya ndege upanga unasafiri kwenye mzigo wa chini tu.

Hatua ya 5: Siku mzigo unapofika

Piga picha kila tabaka la kifungashio unapofungua, ili ukikuta kasoro uwe na ushahidi wa kumrudishia muuzaji. Bapa litakuwa limepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu. Lilaze mezani na ulifute kwa kitambaa chenye spiriti ukianzia mpinini kwenda nchani, ubavu mmoja kisha mwingine, usikizungushe kitambaa kwenye makali. Grisi hujificha pembeni mwa kikingio na ndani ya ala. Hapo tumia kijiti cha mbao.

Bapa likishakuwa safi, lielekeze kwenye taa ya mrija au ukingo wa dirisha. Mwanga utalala juu ya chuma kama mstari. Uzungushe upanga taratibu na uufuate mstari huo hadi nchani. Ukinyooka wote, bapa limesuguliwa sawasawa. Ukitetemeka hapa na pale, kuna mabonde na vilima ambavyo picha za dukani haziwezi kuonyesha. Vichache ni vya kawaida kwa bei hii. Kisha funga jicho moja, utazame kutoka mpinini kwenda nchani kama anayelenga bunduki: bapa likiwa limepinda zaidi ya milimita chache, lirudishe.

Hatua ya 6: Pima upanga wako mwenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na wengi huiruka. Unahitaji mizani ya jikoni, tepu ya kupimia, kalipa (kifaa cha kupimia unene) na penseli. Andika kila kitu kwenye karatasi.

Anza na uzito, utoe ala kwanza. Ukiona kilo 1.1 hadi 1.3 uko ndani ya wenzake wa asili. Ukifika 1.5, mikono ya anayeanza itachoka kabla akili haijajifunza kitu.

Kisha laza bapa juu ya penseli, ulisogeze hadi upanga utulie bila kuinama upande wowote, na upime kutoka hapo hadi kikingio cha chini. Sentimita 12 hadi 17 ni pazuri. Ikizidi 20, upanga utakuvuta mbele kila unapoupunga. Ikiwa chini ya 10, utaona raha kuuzungusha, lakini ukigusa chupa ya maji hautakuwa na nguvu ya kupita. Huu si upanga wa kudunga kwa ncha tu, unahitaji uzito fulani mbele.

Sasa kalipa. Pima unene wa bapa sehemu tatu: karibu na kikingio, katikati, na sentimita 5 kabla ya ncha. Pima kwenye mgongo ulio pembeni mwa mfereji, si ndani ya mfereji wenyewe. Upanga wangu una milimita 5.1, kisha 3.9, kisha 2.6. Mwingine niliowahi kuushika, wa bei ileile, ulikuwa na 4.6, 4.5 na 4.2. Kwenye mizani ulizidi wangu kwa gramu chache tu. Wangu unasawazika sentimita 15 kutoka kikingio, ule ulisawazika 21, na tofauti hiyo inajulikana mara tu mkono unapoinuka: mmoja unasimama pale unapoamua, mwingine unasimama unapotaka wenyewe.

Ndivyo kiwanda kinavyookoa pesa. Kulifanya bapa liwe jembamba kadiri linavyokwenda nchani kunadai saa za kusugua na mfanyakazi mwenye jicho. Kukata bamba la unene mmoja na kulitia makali pembeni ni kazi ya haraka. Wahunzi wa karne ya 9 hawakuwa na bamba la kiwandani. Waliufua chuma kwa nyundo, na kukipunguza unene kuelekea nchani kulikuwa sehemu ya kufua kwenyewe. Mfereji pia ulipunguza chuma kisichohitajika katikati. Dhana kwamba ni wa kupitishia damu haina msingi wowote.

Kipimo cha mwisho kinatazamwa kwa macho. Shika upanga kwa vidole viwili chini kidogo ya kikingio, ncha ikielekea juu, uupige kichwa cha mpini kofi jepesi kwa mkono mwingine. Bapa litatetemeka, na ukilitazama ubavuni utaona sehemu moja, katika theluthi ya mwisho, iliyotulia tuli huku juu na chini yake kukicheza. Weka alama ya penseli hapo. Ndipo pa kukatia. Ukigonga shabaha mahali pengine, mtetemo utarudi kwenye kiganja na utauhisi kwenye mifupa.

Sikiliza pia mpini. Tikisa upanga karibu na sikio. Ukisikia mlio wa chuma kugusa chuma, kikingio au kichwa cha mpini kimelegea. Dawa yake iko mbele.

Hatua ya 7: Jinsi ya kuushika

Karibu kila mtu hulalamika mara ya kwanza kwamba mpini ni mfupi. Mkono umebanwa kati ya vikingio viwili na kichwa cha mpini kinakwaruza kifundo. Wengine huamua kwamba Waviking walikuwa na viganja vidogo. Si hivyo. Mpini huu haushikwi kama nyundo.

Aliyekua na panga la shambani mkononi ana tabia moja ya kuiacha. Panga lina uzito mbele na halina kichwa nyuma ya mkono, kwa hiyo unalikamata ngumi nzima na kuliangusha kwa bega na kiwiko. Upanga wa Kiviking una chuma kizito nyuma ya ngumi. Ukiukamata kwa ngumi iliyokaza na kuunyoosha mkono, chuma hicho kinagonga kifundo na kukuzuia.

Fanya hivi. Kamata mpini kwa kidole gumba na cha shahada kwanza, karibu na kikingio cha chini. Vidole vya kati viufunge bila kukaza. Unapoinua upanga kujiandaa, bapa liwe karibu wima na kikingio cha juu kiwe kimekaa sawa chini ya ngumi. Unapokata na kuunyoosha mkono mbele, legeza vidole viwili vya mwisho ili kichwa cha mpini kiteleze na kuingia kwenye nyama ya kiganja, chini ya kidole kidogo. Upanga na mkono sasa vinaelekea karibu mstari mmoja, na kifundo kiko huru. Ukirudisha, vidole vinafunga tena. Fanya hivyo ukiwa umesimama tuli, polepole, mpaka kiganja kizoee kufunguka na kufunga bila kufikiria.

Aliyeko Oman, au aliyewahi kuona razha, ngoma ya panga ya huko, ikichezwa, ataona tofauti nyingine. Upanga mnyoofu wa Kiomani una mpini mrefu wa mviringo usio na kikingio, na bapa jembamba linalonesanesa wachezaji wanapolitikisa. Bapa la Kiviking halinesi hivyo. Likifanya hivyo kwenye nakala yako, limetengenezwa jembamba mno.

Hatua ya 8: Mapigo ya kwanza

Wiki za mwanzo usikate kitu. Simama mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, na upige hewani mapigo mawili tu: kutoka begani kulia kushuka kushoto, na kinyume chake. Sikiliza. Makali yakienda sambamba na pigo, mfereji unatoa mluzi mwembamba. Bapa likiwa limelala kidogo, mluzi unapotea na unasikia upepo tu. Huhitaji mwalimu kukuambia umekosea, chuma kinasema.

Kama una nafasi, tengeneza ngao ya plaiwudi ya sentimita 85 au 90 na uishike kwa mkono wa pili, mbele ya mwili. Hapo ndipo mambo mengi ya upanga huu yanapoeleweka kwa mara ya kwanza. Mkono unapita juu ya ukingo wa ngao au pembeni mwake, pigo ni fupi, na lile zungusho kubwa la kwenye sinema halina pa kupita.

Ukihamia kukata, tumia chupa za plastiki zilizojaa maji, juu ya kigogo kilichosimama kimo cha kiuno. Hakikisha hakuna mtu wala mnyama ndani ya mita 4, vaa viatu vilivyofunika vidole, na kausha mikono kila baada ya chupa. Lenga kwa ile alama ya penseli. Piga kwa mshazari, kwa nguvu ya wastani. Nusu ya chini ikibaki imesimama kigogoni na kukatika kwake ni laini, umepiga sawasawa. Chupa ikiruka nzima, ulikuwa umelaza bapa, na kuongeza nguvu hakutasaidia. Usikate miti, mifupa wala chuma. Upanga huu ulikusudiwa vitu laini kuliko hivyo, na mti utaupindisha mwezi uleule ulioununua.

Utashangaa jinsi unavyochoka. Si bega litakalouma, ni mkono wa mbele, ile misuli ya kuusimamisha upanga. Pumzika mara kidole kinapoanza kutetemeka.

Hatua ya 9: Marekebisho unayoweza kufanya nyumbani

Kona kali za vikingio na kichwa cha mpini ziondoe kwa tupa ndogo, kisha msasa wa namba 240 na 400. Kazi ya jioni moja, na hakuna kitu kinachobadilisha hisia ya mkono kama hicho.

Kikingio kikicheza, gonga kabari nyembamba za mti mgumu kati yake na msuka, uzitie gundi ya epoksi, uache siku nzima. Mpini ukiteleza, uzungushie uzi wa katani uliobanana, kisha ngozi nyembamba iliyolowanishwa na kutiwa gundi. Usiunenepeshe mno, utapoteza ule mwendo wa vidole tuliousema.

Kuhusu makali, nakala nyingi hufika na pembe kubwa ya ghafla kwenye ukingo, kama patasi. Ipunguze kwa tupa kisha kwa msasa uliolazwa juu ya mpira laini ili ukingo uungane na ubavu taratibu. Usipeleke upanga kwa fundi wa jiwe la kuzunguka kwa umeme. Joto likigeuza ukingo kuwa wa bluu, ugumu wa chuma hapo umekwisha na haurudi kwa kunoa.

Hatua ya 10: Kutu, ala na ukaguzi

Feleji yenye kaboni hushika kutu, na alama ya vidole inatosha kuianzisha. Kila baada ya kuushika, futa kwa kitambaa kikavu na upake mafuta mepesi. Mafuta ya cherehani yanafaa sana. Kwa aliyeko Mombasa, Unguja, Maskati au mahali popote penye hewa ya chumvi, kagua kila wiki. Doa jipya hutoka kwa mafuta na msasa wa 1000 uliosuguliwa kwa kufuata urefu wa bapa.

Ala inayokuja na nakala hizi mara nyingi ni ya ngozi tupu, na ngozi huhifadhi unyevu pamoja na kemikali za kuilainisha. Itumie kubebea, si kuhifadhia. Ala za zama zile zilikuwa za mbao zilizovikwa ngozi, na baadhi zilitandikwa manyoya ya kondoo ndani. Ukiweza kujitengenezea ya namna hiyo, upanga unaweza kukaa humo miezi. Ukiwa huna, ulaze kwenye rafu, umezungushiwa kitambaa cha pamba chenye mafuta.

Kila mwezi, na kabla ya kila siku ya kukata, tazama pale juu ya kichwa cha mpini au kikingio cha juu ambapo ncha ya msuka imegongwa. Mduara wake uwe mzima, bila ufa na bila mwanya wa kupitisha ukucha. Tikisa na usikilize. Kukiwa na mlio mpya, usikate siku hiyo. Bana bapa kwenye jiliwa (kibanio cha fundi) katikati ya vipande viwili vya mbao laini, kikingio kikiwa juu tu ya mbao, na ugonge ncha ya msuka kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, mapigo mepesi ya kuzunguka ukingo kutoka katikati kwenda nje, mpaka mlio uishe. Kama ni nati, ikaze kwa mkono wa kiasi na utie tone la gundi ya kuzuia kulegea. Ukiona ufa kwenye msuka wenyewe, hata mwembamba kama unywele, upanga huo sasa ni wa ukutani.